Sifuri Nukta Nne

Mjomba wangu alifariki Chake Chake mwezi wa tano, masika yakiwa yamepamba moto. Simu iliingia baada ya sala ya alfajiri. Maziko yangekuwa baada ya adhuhuri, kwa sababu kwetu maiti hacheleweshwi. Mama alikuwa Tanga, nyumbani Ngamiani, na kati yake na kaka yake kulikuwa na bahari. Siku hiyo hapakuwa na boti. Tukachangishana kwa simu, tukapata viti viwili kwenye ndege ndogo ya asubuhi.

Ndege zenyewe ni zile Cessna Caravan: injini moja puani, abiria wasiozidi kumi na wawili au watatu, na hakuna ukuta kati yao na rubani. Ukikaa mbele unaona kila anachokishika. Rubani wetu alikuwa kijana wa rika langu. Alimwamkia mama kabla hatujapanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tunawahi maiti."

Akageuka kutazama upande wa bahari. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mkondo wa Pemba. Akarudi akachuchumaa mbele ya kiti cha mama, wakawa macho kwa macho. "Pole sana mama. Nitakufikisha. Ila lile wingu lipite kwanza."

Tulisubiri zaidi ya saa moja na nusu. Mama alishika tasbihi. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nilizungumza na yule kijana, na katika mazungumzo hayo nikasikia neno ambalo halijanitoka mpaka leo. Nilimuuliza kama anaipenda Tanga. Akacheka: "Naipenda. Lakini ukweli dada, hapa natafuta masaa."

Shuleni tulifundishwa kuwa "saa" haina wingi wa "masaa". Marubani hawalijali hilo, na wana sababu. Kwao saa ni kitu cha kukusanya, kama madebe ya mahindi. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kurusha ndege kwa malipo hupatikana ukiwa na saa 200 hivi angani, au pungufu kidogo ukisoma kwenye chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, inayokuruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Katikati ya namba hizo mbili kuna pengo, na kijana ambaye familia yake imeuza shamba la minazi ili asome lazima alijaze mahali fulani. Hulijaza Pangani, Saadani, Mafia, Pemba, na kwetu.

Yeye alikuwa na saa elfu moja na mia nne na kitu. Zikitimia angepeleka maombi Air Tanzania. Shirika hilo lilizaliwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, likadhoofika kwa miaka mingi, kisha kuanzia 2016 likaanza kupokea ndege mpya. Mwaka 2018 zikaja Boeing 787 na Airbus A220, na wapo vijana wengi ambao ndoto yao ilianza siku ile walipoziona zikitua Dar es Salaam. Baada ya hapo, Mungu akipenda, mashirika ya Ghuba.

Alinionyesha daftari lake. Safari haziandikwi kwa dakika bali kwa sehemu za kumi za saa. Dakika 24 ni 0.4. Tanga hadi Pemba, ukihesabu na kutembea uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, ni kama hapo. Kwa hiyo safari ya mama kwenda kumuaga kaka yake ingeandikwa sifuri nukta nne, ijumlishwe na zilizotangulia, na mwisho wa ukurasa ibaki namba tu.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilijiuliza: ina maana sisi watu wa Tanga ni ngazi? Mtu anatupanda ili afike kwa abiria wengine, walio wa maana zaidi?

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama njia tu ya kufikia lengo. Lazima wakati huohuo awe lengo lenyewe. Wengi tunaisoma kauli hiyo haraka na kuliruka neno dogo linalobeba mzigo wote: "tu". Kant hakukataza kutumiana. Muuza mihogo Raskazone ananitumia kupata ada ya mwanawe, nami namtumia kupata mihogo, wala hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza pale ambapo mwenzako hana kingine machoni pako zaidi ya hicho unachokichukua kwake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka na kunitazama mimi mwenyewe.

Niliwahi kufundisha miaka miwili kwenye shule moja ya sekondari wilayani Pangani, kwa mkataba. Nilikwenda kwa sababu matangazo yote ya kazi niliyoitaka yalidai "uzoefu wa miaka miwili". Ukutani kwangu nilikuwa na kalenda, na kila mwisho wa mwezi nilikata mstari. Vipindi nilifundisha, daftari nilisahihisha. Hakuna ambaye angeweza kunishtaki kwa uvivu. Lakini wale wanafunzi walikuwa masaa yangu. Nilipopata kazi Dar es Salaam, mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki wiki tisa. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Madam, na wewe umeshapata pa kwenda?" Nikamjibu, "Bado." Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Siamini kwamba kosa langu lilikuwa kuondoka. Anayemwambia kijana wa miaka ishirini na sita abaki Pangani maisha yake yote kwa ajili ya maadili, mara nyingi anaongea akiwa Mikocheni. Na yule rubani ana deni la shamba la babu yake. Kupanda si dhambi. Wala tatizo la miji midogo haliwezi kutatuliwa na dhamiri ya mtu mmoja. Machi 2022, mashirika makubwa ya Marekani yalipokuwa yakiajiri marubani kwa kasi, kampuni ya SkyWest iliijulisha serikali kuwa inataka kuacha kuhudumia miji midogo 29 kwa kukosa marubani. Rubani mmoja mmoja alikuwa na haki ya kuondoka. Walipoondoka wote, kuna watu waliobaki uwanjani na mabegi yao. Ngazi ambayo thawabu zake zote ziko juu ina hila hiyo: ngazi ya chini huwa na watu wanaopita tu.

Nasi watazamaji tunaisaidia hiyo hila. Rubani akikaa miaka kumi kwenye Caravan tunamuuliza, "Bado uko na vile vidogo?" kama tunavyomuuliza mwalimu, "Bado unafundisha?" Bandarini nahodha anayeujua mkondo wa Pemba huheshimiwa kwa kuujua mkondo huo. Rubani wa pwani hutua na kuruka mara kadhaa kwa siku, viwanja vingine vikiwa vya udongo, ilhali mwenzake wa safari ndefu huenda akatua mara chache kwa mwezi. Lakini heshima tumeipima kwa ukubwa wa bawa.

Basi kama kuondoka si kosa, deni ni lipi? Nadhani ni umakini. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, kampuni ya safari za mikoani huko Marekani, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walikuta kapteni alichukua hatua isiyo sahihi ndege ilipotoa onyo, marubani wote wawili huenda walikuwa na uchovu, na walikuwa wameendelea na mazungumzo yasiyohusu kutua wakati kanuni inadai kimya. Baadaye, kuanzia 2013, Marekani ikadai hata rubani msaidizi awe na saa 1,500 kwa kawaida. Ila wale wawili wote walikuwa tayari wamevuka namba hiyo. Daftari linajua ulikaa angani muda gani. Kama ulikuwepo kweli, halijui.

Yule kijana alikuwepo. Kila dakika tuliyosubiri ilikuwa dakika ya daftari iliyompita, na bado alikaa chini akilitazama wingu. Lilipopasuka, tuliruka. Alitutua Pemba taratibu, akamshika mama mkono kumshusha.

Tulichelewa. Jeneza lilikuwa limeshatoka nyumbani. Mama alivua viatu, akaketi mkekani kati ya wanawake, akalia.

Nilitegemea angemlaumu rubani. Miezi kadhaa baadaye, tukichambua mchele barazani, aliniuliza ghafla, "Yule kijana ameshapata ndege yake kubwa?"

"Sijui, mama."

"Mungu amfikishe. Angekuwa na pupa siku ile, tungezikwa wengi." Akaendelea kuchambua. "Tena alinitazama. Wenye haraka hawakutazami."

Nikamfikiria yule msichana wa dawati la mbele. Kwenye wasifu wangu, miaka ile miwili ni mstari mmoja, na kazi niliyonayo niliipata kwa mstari huo. Sijui kama naye huniombea nifike. Ninachokumbuka ni kwamba wakati namjibu "bado", nilikuwa natazama dirishani.