Simu Uliyoiacha Kariakoo

Wajukuu zangu, nawaona mkitoka Mtaa wa Aggrey na simu mpya mkononi. Mmetoa ile ya zamani, mmeongeza hela, mnarudi nyumbani roho kwatu mkidhani ile ya zamani imekwisha. Haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza safari, na kama hukuiaga vizuri inasafiri na mambo yako.

Mnadhani kufuta picha ndiyo imetoka. Kwenye iPhone picha uliyoifuta hukaa hadi siku 30 kwenye albamu ya vilivyofutwa, na atakayeichukua simu hiyo, akiweza kuifungua, anaikuta. Kuna meseji za benki, kuna picha ya kitambulisho cha NIDA, kuna sauti ya mama yako akikusimulia siri za ukoo. Yote hayo umemwachia mtu ambaye hata jina hukumuuliza.

Kioo kikiwa kizima, simu inapanguswa, inabadilishwa betri, na kesho imepangwa kabatini inaitwa yuzdi ya Dubai, kumbe ilitoka Mbagala! Ikiwa mbovu inakwenda kwa fundi. Anapasha kingo za kioo kwa hita mpaka gundi ilegee, anapenyeza kiplastiki chembamba, anakibandua taratibu. Kamera inaponya simu hii, spika ile. Kisichofaa kinaishia jalalani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na hata robo yake haikurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka. Na pamoja nazo inatupwa kobalti ya betri zetu, ambayo nyingi inatoka kwa jirani zetu wa Kongo, ambako vijana wa umri wenu wamefukiwa kwenye mashimo ya Kolwezi wakiitafuta.

Basi kabla hujaitoa, ondoa kwanza akaunti yako, ya Apple au ya Google, ndipo uisafishe yote. Usianze na kusafisha. Ukiiflashi na akaunti imo, simu inajifunga na kudai nywila yako, na aliyeinunua, pengine mwanafunzi aliyedunduliza mwaka mzima, amebaki na kipande cha kioo. Halafu akipiga kuomba msaada, wengine mnamblock. Huo si uungwana.

Toa laini, toa na memori kadi. Bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha mwandikishiane karatasi ya mauziano yenye jina la anayeichukua. Msinicheke. Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole, na mtandao unajua ilikuwa ndani ya simu ipi. Kwa namba hizohizo za IMEI, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016. Simu hiyo ikikutwa kwenye utapeli, polisi wanaweza kuanzia kwako.

Dukani wakikataa kuandika, chukua simu yako uondoke. Maduka Kariakoo hayaishi.