Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Achezaye Ugenini?

Wahenga wamesema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa ngomani. Mchezaji aliyeingia uwanjani akaikonga mioyo ya watazamaji alitunzwa papo hapo: huyu alimbandika fedha kwenye paji la uso, yule alimvika kanga begani. Siku hizi methali hiyo imehamia katika viwanja vya kandanda, na humo imepewa kazi ambayo haikuwa yake. Kijana akisajiliwa na klabu ya nchi nyingine, husomewa methali hii kama onyo. Akienda asifanikiwe, husomewa kama hukumu. Yafaa basi tujiulize: kipaji cha mchezaji ni mali ya nani? Na yule aendaye kukitumia mbali, anadaiwa nini na watu wa kwao?

Tuchukue mfano wa mshambuliaji Mbwana Samatta, kwa kuwa safari yake yajulikana na wengi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, akakulia Mbagala, akachezea African Lyon na kisha Simba. Mwaka 2011, akiwa kijana wa miaka 18, alihamia TP Mazembe ya Lubumbashi. Safari hiyo ya kwanza haikumtoa katika lugha yake, maana Lubumbashi nako husemwa Kiswahili, ingawa ni kile chenye lafudhi na maneno ya Katanga. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, na Januari 2016 Samatta akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wale waliocheza ndani ya bara letu. Mwezi huohuo alikwenda Genk, mji wa Ubelgiji uliokuzwa na migodi ya makaa ya mawe na wahamiaji waliokuja kuyachimba. Katika msimu wa 2018/19 Genk ilikuwa bingwa, naye alifunga mabao 23 ya ligi.

Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, ingawa timu yake ilishindwa na Manchester City kwa mabao 2 kwa 1. Hata hivyo, katika mechi 14 za ligi alipata bao moja tu, na Septemba mwaka huohuo akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Kati ya sifa na masikitiko haikupita hata miezi saba.

Wako wasemao kwamba kipaji ni mali ya mwenye nacho. Miguu ni yake, jasho ni lake, na maumivu ya goti hakuna awezaye kumpunguzia. Isitoshe, umri wa mchezaji ni mfupi: afikapo miaka 35 aghalabu amekwisha kustaafu, ilhali mwalimu wa umri huo ndiyo kwanza anakomaa katika kazi yake. Kumkataza asiende penye malipo bora ni kumtaka awe maskini ili wengine wafurahi kwa dakika tisini. Hoja hii ni nzito, lakini yasahau jambo moja. Hakuna ajifunzaye kandanda peke yake. Mpira wa matambara wa utotoni ulifungwa kamba na wenziwe, na pasi za kwanza alizopokea zilitoka miguuni mwa vijana ambao leo wanalima au wanauza nguo sokoni.

Wengine hushikilia kwamba kipaji ni mali ya taifa, na kwamba mchezaji aendaye ng'ambo ni kama pamba inayosafirishwa ikiwa ghafi, ikafumwa mbali, ikarudi kwetu kama kitambaa cha kutazamwa dirishani. Uchungu huo unaeleweka. Lakini mtu si pamba. Pamba haina hiari, wala haina mama wa kumlisha. Kumwita binadamu mali, hata ikiwa mali ya umma, ni kumpunguzia utu. Zilikuwapo zama katika pwani yetu ambapo watu walihesabiwa pamoja na pembe na karafuu. Lugha ya namna hiyo haifai irudi, hata kwa nia njema.

Ajabu ni kwamba sheria za soko lenyewe zimeikaribia busara ya wahenga kuliko sisi tunaobishana. Kanuni za FIFA zaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Yaani sheria yakiri kuwa mguu unaofunga Ulaya ulinolewa mahali pengine. Lakini sheria huona yaliyoandikwa tu. Klabu isiyotunza kumbukumbu za usajili huona taabu kudai haki yake. Timu ya mtaani isiyosajiliwa, mwalimu aliyefundisha bila ujira na mama aliyefua jezi hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Turudi kwenye methali. Neno kutunza lina maana mbili katika lugha yetu: kumpa mtu tuzo kwa kazi njema, na kukihifadhi kitu kisiharibike. Tena tulitazame umbo la kitenzi: hutunzwa. Methali haimwamuru mchezaji abaki. Yaeleza yapasayo kutendwa na watu wa kwao. Mzigo umewekwa mabegani mwa watazamaji. Basi mtu anayeitumia kumlaumu mchezaji aliyeondoka, sharti kwanza ajibu: alipokuwa hapa, tulimtunza kwa maana zote mbili? Alipoumia, nani alimuuguza? Ujira wake ulipochelewa, nani alimsemea?

Hii haina maana kwamba aliyekwenda hadaiwi. Anadaiwa, ila deni lake si la kubaki, wala si la kuleta ushindi. Mwaka 2019 Tanzania ilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Ilishindwa mechi zote tatu, ikapata mabao mawili, la Simon Msuva na la Samatta, yote katika mechi ambayo Kenya ilishinda 3 kwa 2. Ni rahisi kuuliza kwa nini yule aliyefunga mabao 23 Ubelgiji asifunge vivyo hivyo akiwa na jezi ya taifa. Lakini mshambuliaji ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na timu ya taifa hukutana kwa siku chache tu katika mwaka. Bao ni tunda. Mtu hawezi kulidai tawini bila kuutazama mzizi.

Deni la kweli ni la namna nyingine. Ni kuitika aitwapo. Ni kuifanya kazi yake kwa uaminifu, kwa sababu wasiowahi kufika kwetu watatupima kwa yeye. Na ni kuwaeleza wanaofuata jinsi njia ilivyo, pamoja na miiba yake. Sunday Manara alicheza kandanda Uholanzi katika miaka ya 1970, lakini baada yake wachache mno waliifuata njia hiyo ya Ulaya kwa muda mrefu. Njia isiyopitwa huota majani.

Kwenu wanafunzi, jambo hili si la mbali. Kwa kila mmoja anayefika, wako wengi wasiofika. Kanuni za FIFA kwa kawaida hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Kwa hiyo mtu anayemshawishi mtoto aache darasa leo ili apelekwe Ulaya kesho, hapana budi atiliwe shaka. Nanyi walimu, msikizime kipaji kwa kukiita utoro, wala msikigeuze kuwa kisingizio cha kumwacha mtoto bila elimu. Kumtunza ni kumpa vyote viwili, mpira na kitabu, ili goti likivunjika mtu asivunjike nalo.

Kumshangilia anayerudi na kombe ni kazi nyepesi. Hata mgeni aweza kuifanya. Kipimo chetu ni yule kijana anayerudi kimya, mkataba umekwisha, mguu unauma, hana gari wala jina gazetini. Huyo naye alicheza, na hapa ndipo kwao. Tukiweza kumpokea na kumtunza, hapo tutakuwa na haki ya kuwasomea wengine methali.