Nani Ataingia Chumbani?

Kuosha maiti ni faradhi kifaya: wakitokea wachache wakaifanya, wengine wote wametuliwa mzigo, asipotokea hata mmoja, kila aliyekuwa na habari na uwezo anapata dhambi. Mimi ni mwosha maiti wa wanawake hapa Tanga, kazi niliyorithi kwa bibi yangu, na ninaona watu wameshika nusu ya kwanza ya hukumu hiyo wakaiachia ya pili. “Wapo watakaofanya,” husema. Wapo akina nani?

Sharti ujue. Asiyemjua jirani wa ukuta mmoja atajuaje kama faradhi imetimizwa? Kwa hiyo hukumu hii, inayoonekana kutupumzisha, kwanza inatudai tujuane: nani mgonjwa, nani yuko peke yake, nani ana ujuzi gani.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona jambo hili mbali kabisa na msiba. Katika Ihya Ulum al-Din aliwalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi na mijadala, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na ukadhi na usimamizi wa wakfu, ilhali miji mingine haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Utabibu nao, alisema, ni faradhi kifaya. Na kilimo, na ufumaji, na ushonaji. Namwelewa hivi: tazama mji wako una pengo wapi, uende huko, hata kama hakuna atakayekusifu.

Pengo letu nalijua. Msiba wa siku hizi haukosi turubai, wala viti, wala pilau. Michango inaingia kwa simu kabla hata kaburi halijachimbwa, na Mungu awalipe waliotoa. Lakini ukiuliza nani ataingia kuosha, wanawake wanatazama chini. Ni woga, na siudharau. Pale ndani pana maji ya majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza, shuka likiwa limemfunika wakati wote. Maji ya mwisho yana karafuu maiti, kisha vipande vitano vya sanda. Mikono inayofanya hayo haitumwi kwa simu.

Siri za chumba kile hazitoki. Ila naweza kusema hili bila kumgusa mtu: mwili wa aliyeachwa peke yake unajulikana. Kucha zinasema. Vidonda vya kulala muda mrefu bila kugeuzwa vinasema. Ninapoviona, huku nje pamejaa watu waliovaa vizuri, nakumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipozitaja haki za Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake, aliweka kumzuru mgonjwa pamoja na kulifuata jeneza. Sisi tumechagua jeneza.

Sasa nafundisha wasichana wa mtaani. Mmoja hulala mkekani na nguo zake, wenzake wanajifunza kumgeuza taratibu na kukata sanda. Kabla ya somo tunapita kwa bibi wawili wasiotoka ndani, tunawabadilishia shuka. Hilo nimelifanya sehemu ya mafunzo, na asiyetaka huko simfundishi kuosha. Mama mmoja amelalamika kwamba binti yake bado mdogo kwa mambo ya maiti. Nimemwambia amwache nyumbani, aje yeye, Alhamisi baada ya alasiri.