Mafuta, Macho na Lawama

Mzee anayepoteza nuru ya macho ana hatia kwa alichokula? Katika Yohana 9, wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, naye akalikataa swali lenyewe. Leo limerudi kwa lugha ya lishe. Retina, utando wa nyuma ya jicho, imejaa mafuta ya DHA, na samaki wenye mafuta wanayo kwa wingi. Tafiti nyingi zimeona kwamba walaji wa samaki hawapatwi sana na kuharibika kwa makula (kitovu cha retina), ugonjwa wa uzeeni unaofuta katikati ya kila unachokitazama: uso wa mjukuu hutoweka, masikio yake yakabaki. Lakini AREDS2, utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013, uliwapa wagonjwa vidonge vya mafuta hayo, na ugonjwa haukupungua kasi. Anayetaka kulaumu hana ushahidi wa kutosha.

Huku Magara, Burundi, mwambao wa Ziwa Tanganyika wenye mawese na samaki aitwaye mukeke, atatokea wa kusema kuwa wekundu wa mawese hulinda macho. Karotini yake huzuia upofu wa usiku wa wenye upungufu wa vitamini A. Uzee ni habari nyingine. Mwingine atadai kwamba bila lawama watu watalegea. Sikubali. Sigara huongeza hatari, hilo halina ubishi, na kulisema ni kuonya, si kuhukumu. Waislamu wa Rumonge wanayo hadithi kwamba kila ugonjwa una dawa, isipokuwa uzee. Na bibi ambaye mukeke mnono humpita kwenda kuuzwa Bujumbura, tumhukumu kwa mlo upi?