Dawa yangu, maji yetu

Watu wakisikia habari ya kufuga samaki na kuotesha mboga katika maji yale yale, wanafurahia upande mmoja tu: samaki wanalisha mboga, mboga zinasafisha maji ya samaki, hakuna kinachopotea. Ni kweli. Samaki anatoa amonia, ambayo ikizidi inamuua mwenyewe. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha mboga. Wageni wakitembelea matanki yetu hapa Nakivale tunawaeleza hivyo, wanapiga picha, wanasema huu ni mfano mzuri wa kuishi pamoja.

Mimi naona mfano huo wanausoma nusu. Ugumu wa maji ya pamoja hauko kwenye kupeana. Uko siku mtu mmoja anapopata shida yake peke yake, na dawa ya shida hiyo anayo mkononi, lakini hawezi kuitumia.

Angalieni. Mboga zikishambuliwa na wadudu, huwezi kupuliza dawa ya shambani, kwa sababu itateremka kwenye maji, na dawa nyingi za wadudu zinaua samaki hata zikiwa kidogo. Samaki wakiugua, huwezi kumwaga antibiotiki ndani ya tanki, maana itaua na bakteria, halafu amonia inapanda. Hata uchachu wa maji ni hivyo hivyo. Mboga nyingi zinapenda pH ya 5.5 hadi 6.5, bakteria wanapenda 7 na kuendelea. Basi unashika karibu 6.8, na hapo hakuna anayepata anachopenda zaidi. (Hili wageni hawalipigi picha.)

Katika kikundi chetu wengine walichanga pesa za samaki na chakula chao, wengine walichukua vitanda vya mboga. Kiangazi kilichopita vidukari waliingia kwenye sukuma ya kijana mmoja. Alikuwa na chupa ya dawa iliyobaki kwenye shamba la mahindi la mama yake. Akatuuliza: "Samaki si wangu. Mboga ni zangu. Kwa nini nipoteze changu kulinda chenu?"

Jibu la haraka lilikuwa lile la kwenye semina: kwa sababu sisi ni jamii moja. Sawa, lakini jibu hilo linapikwa kwenye sufuria gani? Kijana alitii. Aliosha majani moja moja kwa maji matupu, akang'oa mashina yaliyoharibika, akapoteza karibu nusu ya mavuno. Mgao wa chakula ulikuwa umeshapunguzwa, kwa hiyo nusu hiyo haikuwa mchezo. Samaki walipona, na wenye samaki wakauza vizuri.

Sina shaka tulikuwa na haki ya kumkataza. Yeye angepungukiwa, samaki wangekufa kabisa, na anayekufa kwanza ndiye apime dawa ya wote. Lakini haki ya kukataza siyo haki ya kukataza bure. Ukimzuia mtu asitumie dawa yake ili mali yako ipone, umepokea kitu kutoka kwake, ni kama umemkopa. Wako waliosema, mbona naye anapata mbolea ya samaki bila kulipa? Si bila kulipa. Kila siku mboga zake zinawasafishia samaki maji. Hesabu hiyo ilishafungwa. Hasara ya sukuma ni hesabu nyingine.

Jambo hili naliona hata mbali na matanki. Tunaambiwa tusikate miti, tusilime kwenye kingo za ziwa. Nakubali, ziwa likiharibika tumeharibikiwa sote, wakimbizi na wenyeji. Lakini mama anayechemsha maharage masaa matatu, akiacha kuni za pale mlimani, anauza unga kidogo ili anunue za kupikia. Miti imepona, yeye amepungukiwa, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii imetunza mazingira. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mtu akishika sheria kwa hasara yake, andikeni na hiyo hasara, na jina la aliyefaidika.

Sisi mwishowe tulimpa yule kijana samaki wanne. Anasema sukuma ile ingemletea zaidi, na mimi naamini. Wenye samaki wanasema wadudu hawakuletwa na wao, na hilo nalo ni kweli. Jumamosi tunakutana tena, maana sasa samaki ndio wana madoa kwenye mapezi. Mwenye samaki mmoja amekuja na mfuko wa chumvi. Chumvi inawasaidia samaki, lakini ikizidi inaharibu mboga, na hatuna tanki la kando la kuwatenga. Yule kijana ameshaweka kiti chake mbele.