Kadari na Jasho la Bati

Ni dhara zipi ambazo mja anapaswa kuzipokea kwa subira kwa kuwa zimeandikwa, na ni zipi ambazo kuzistahimili ni uzembe tu uliopewa jina la ucha Mungu? Swali hili ni la kale katika elimu ya dini, nami naona halijibiki vizuri mpaka liingizwe jikoni.

Katika Kimamba, mji mdogo wa mkonge ulio kando ya Reli ya Kati baina ya Morogoro na Kilosa, nyumba nyingi zilizokuwa zikiezekwa kwa nyasi sasa huezekwa kwa bati, wala hakuna mwenye akili atakayelilaumu badiliko hilo, kwani bati halishiki moto wala halitaki kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Lakini jiko la nyasi lilikuwa likipumua: moshi na mvuke vilipenya katika paa, na mahindi yaliyotundikwa juu ya mafiga yakakauka na kusalimika na fukusi, ilhali jiko la bati, lililozibwa kila upande kwa hofu ya mvua na wezi, huufungia ndani mvuke wote wa sufuria ya maharage tangu alasiri hadi isha. Ufikapo usiku wa kipupwe, mbingu ikiwa wazi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Na hewa yenye joto la nyuzi 30, iwezayo kuchukua takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 17 hivi, na maji yaliyozidi hugeuka matone yakadondokea magunia, unga na matandiko. Kuvu huota, nayo kuvu ya mahindi si jambo dogo, kwani mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula chao.

Hapo ndipo mwenye nyumba husema kwamba ni kadari ya Mungu. Imepokewa kwamba tauni ilipozuka Sham, na Sayyidna Umar bin al-Khattab akaazimia kuwarudisha watu wake Madina, Abu Ubaida alimuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu; naye akajibu kuwa anaitoka kadari moja na kuiendea nyingine, akapiga mfano wa mchunga ngamia aliyeshukia bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu, ambaye popote achungapo huchunga kwa kadari. Basi, ikiwa Mola ndiye aliyekadiria mvuke ugeuke maji ukigusa kilicho baridi, ndiye pia aliyekadiria hewa ya joto ipande na kutoka ikipata tundu, na aliyeijua kanuni hii akaacha kulitoboa hilo tundu hana hoja ya kumsingizia Mola.

Kuna jambo zito zaidi. Anayeamua jiko lijengweje mara nyingi ni mume, naye hukaa barazani. Anayevuta moshi na kulala karibu na ukuta unaotota ni mke na watoto wake. Subira ni fadhila ya yule anayeteseka, wala mwingine hana haki ya kumwamuru awe nayo ilhali yeye mwenyewe anao uwezo wa kuiondoa taabu. Paa lile lile linalofungia mvuke hufungia na moshi, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Sioni msikiti wala kanisa litakalomtetea mwenye nyumba katika hilo.

Kwa hiyo namsihi kila anayejenga Kimamba: acha mwanya wa shibiri moja baina ya ukuta na bati, pande mbili zinazoelekeana, uuzibe kwa wavu wa chuma; weka dohani juu ya mafiga; anika kuni kabla ya masika, na sufuria ipate mfuniko. Magunia yawekwe juu ya uchaga mbali na ukuta, na juu yake pigilia dari ya mbao. Fanya kazi hiyo kabla ya mvua za Machi, na umuulize kwanza mpishi tundu likae wapi.