Nafasi Ndani ya Kikapu

Ijumaa imeingia, na katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam kuna kikapu kinachofungwa. Kesho ni safari ya Unguja kwa boti.

Mama ndiye anayepanga. Kanga, anaweka. Maji, anaweka. Vitumbua vya njiani, anaweka. Hata ratiba anaipakia: Ngome Kongwe asubuhi, soko la Darajani mchana, kulala mapema. Kikapu kimejaa hadi mdomoni. Mabinti wako pembeni, simu mkononi, kimya.

Kimya hicho si kiburi. Hakuna aliyewauliza.

Wangeulizwa, wangesema. Mmoja angetaka kuzunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, apige picha milango ya mbao iliyonakshiwa maua na minyororo. Mwingine angengoja jua lizame Forodhani, aletewe bakuli la urojo, bajia zikielea kwenye mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe, huku vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani.

Akiwauliza, Mama hapotezi kitu. Mipaka inabaki yake: muda wa kurudi, mavazi ya heshima, kutembea pamoja. Lakini kipande kimoja cha siku kiwe cha mabinti. Wachague wao. Waongoze wao. Mama afuate nyuma.

Msikilizaji mwenye binti, leo ukitoka kazini, usianze kufunga kikapu. Keti naye kwanza, umwulize: wewe, mwanangu, unataka tukaone nini?